Homa ya Mtoto Ipimwe Leo

Asubuhi moja ya mwezi Aprili mwaka 2024, akina mama wawili walifika zahanati karibu wakati mmoja. Kila mmoja alikuwa amebeba mtoto. Kila mtoto alikuwa na homa kali. Ukiwagusa watoto hao shingoni, wote walikuwa wanaunguza mkono.

Zahanati yetu iko katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Huku tunalima mpunga. Mvua zikianza, watu wengi huhama kijijini na kwenda kukaa mashambani. Hujenga vibanda vya miti na nyasi. Hukaa huko miezi mingi, kulima, kupalilia na kuamia ndege, mpaka mpunga uvunwe. Maji huko ni mengi. Mbu nao ni wengi. Na zahanati iko mbali.

Mama wa kwanza alitoka huko mashambani. Mtoto wake alikuwa na umri wa miaka mitatu. Homa ilimwanza siku tatu kabla. Siku ya kwanza wazazi walisema ni jua tu. Siku ya pili walimpa vidonge vilivyobaki alipougua kaka yake. Usiku wa siku ya tatu mtoto alikakamaa. Macho yaligeuka juu. Mikono na miguu ilirukaruka. Bibi yake akasema, "Hii ni degedege. Msimpeleke zahanati. Akichomwa sindano atakufa." Wakamfukiza. Mtoto akatulia kidogo, kisha akakakamaa tena. Saa nane za usiku baba alikata shauri. Alimpakia mkewe na mtoto kwenye baiskeli, wakaja.

Mama wa pili anakaa hapa hapa kijijini. Mtoto wake alikuwa na umri wa miaka miwili. Mama huyu alikuwa na haraka. Aliniambia, "Daktari, nipe mseto tu niende. Malaria naijua. Ndege wanamaliza mpunga wangu."

Tuliwapima watoto wote wawili. Kipimo cha mtoto wa kwanza kilionyesha malaria. Kipimo cha mtoto wa pili kilionyesha kwamba hana malaria. Yeye alikuwa na ugonjwa mwingine, na dawa ya malaria isingemsaidia hata kidogo.

Homa ilikuwa moja, lakini magonjwa yalikuwa mawili. Kama tungetibu kwa kukisia, mtoto mmoja angeweza kufa. Ndiyo maana leo nataka tuelewane juu ya jambo moja: homa ya mtoto ipimwe leo, isingoje kesho.

MALARIA NI NINI?

Malaria ni ugonjwa unaoletwa na vijidudu vidogo sana viitwavyo vimelea. Huwezi kuviona kwa macho matupu. Daktari mmoja Mfaransa, Alphonse Laveran, aliviona mara ya kwanza kwa hadubini mwaka 1880, alipokuwa akifanya kazi nchini Algeria. Aliviona ndani ya damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 daktari Mwingereza, Ronald Ross, aliyekuwa India, alivikuta ndani ya mbu. Tangu hapo watu walianza kujua njia ambayo ugonjwa huu hupita.

Wapo wanaosema malaria inaletwa na maembe mabichi. Wengine wanasema inaletwa na kunyeshewa mvua, au kufanya kazi juani. Si kweli. Mvua haileti malaria. Mvua huleta madimbwi, na madimbwi huleta mbu. Maembe huiva wakati wa mvua, na wakati huo huo mbu huongezeka. Wazee waliona mambo mawili yanakuja pamoja, wakadhani moja linazaa jingine.

MBU HUIPELEKAJE MALARIA?

Si kila mbu hueneza malaria. Anayeieneza ni mbu aitwaye anofelesi. Tena ni jike tu. Dume hanywi damu. Jike hunywa damu ili apate kutaga mayai. Akitua ukutani, mara nyingi huinua sehemu yake ya nyuma juu. Kwa kawaida huuma usiku, tangu giza linapoingia mpaka alfajiri.

Jike akimwuma mtu mwenye vimelea, hunywa damu pamoja na vimelea. Vimelea hukua ndani ya mbu kwa siku 10 hadi 14 hivi. Baada ya hapo, kila mtu atakayeumwa na mbu huyo anaweza kupewa vimelea.

Mtu akiumwa na mbu leo, haugui leo. Vimelea huenda kwanza kwenye ini. Huko huzaana kimya kimya. Mgonjwa hasikii lolote. Mara nyingi homa huanza baada ya siku 7 hadi 14, na mara nyingine zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuumwa na mbu shambani, akarudi kijijini, akaugulia nyumbani.

Kutoka kwenye ini, vimelea huingia katika chembe nyekundu za damu. Huzila, huzaana ndani yake, kisha huzipasua. Wakati chembe nyingi zinapopasuka ndipo mtu hutetemeka kwa baridi, kisha homa hupanda, kisha jasho hutoka. Chembe zikipasuka nyingi mno, mtoto hupungukiwa damu. Utaona viganja vyake vimekuwa vyeupe. Na vimelea vikiziba mishipa midogo ya damu iliyo katika ubongo, mtoto hupatwa na degedege au hupoteza fahamu.

Ugonjwa huu si wa kuchezea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani. Katika kila watu 100 waliokufa, 95 walikuwa wa Afrika. Na katika kila wanne waliokufa katika bara letu, karibu watatu walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano.

KWA NINI TUPIME?

Zamani kila homa iliitwa malaria. Mtoto akichemka, alipewa dawa ya malaria. Zahanati nyingi hazikuwa na hadubini, wala mtu wa kuitumia. Hatukuwa na njia nyingine. Siku hizi ipo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo atibiwe. Leo zahanati hupima malaria kwa kipimo cha haraka.

Kipimo hiki ni kifaa kidogo cha plastiki chenye dirisha. Mhudumu humchoma mgonjwa kidogo kwenye kidole. Huchukua tone la damu na kuliweka kwenye kifaa. Kisha hudondoshea maji maalumu. Mnangoja dakika 15 hadi 20. Baada ya hapo kifaa husomwa hivi:

Mstari mmoja mbele ya herufi C: kipimo ni kizuri, na hakikuona malaria.

Mistari miwili, mmoja mbele ya C na mwingine mbele ya T: mgonjwa ana malaria. Hata kama mstari wa T umefifia, ni malaria.

Hakuna mstari mbele ya C: kipimo kimeharibika. Apimwe tena kwa kifaa kingine.

Wewe uliyejifunza kusoma unaweza kukisoma kipimo hiki mwenyewe. Mwombe mhudumu akuonyeshe kipimo cha mwanao. Ni haki yako, na mhudumu mwema atafurahi kukuonyesha.

Jambo jingine la kujua ni hili. Kipimo hiki kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa, hata baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo kama mtoto alitibiwa malaria hivi karibuni na homa imerudi, mwambie mhudumu. Huenda akahitaji kupimwa kwa hadubini.

MAMA ALIYEKASIRIKA

Sasa turudi kwa yule mama wa pili. Nilimwonyesha kipimo cha mtoto wake. Kilikuwa na mstari mmoja tu. Akakasirika. Akasema, "Mtoto anaungua hivi, nawe unasema haumwi? Unaninyima dawa."

Nilimjibu, "Mama, sikusema haumwi. Nimesema haumwi malaria. Sasa tutafute anaumwa nini."

Tulimvua mtoto shati. Nilimwomba mama atazame kifua pamoja nami. Kila mtoto alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani. Tulihesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima, tukitazama saa. Zilikuwa 54. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika wakati ametulia, hiyo ni dalili ya nimonia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, ni mara 50 au zaidi.

Mtoto alikuwa na nimonia. Ugonjwa huu hushika mapafu. Nao huua watoto kama malaria inavyoua. Lakini dawa yake ni nyingine. Kama ningempa mseto ili mama aridhike, angekwenda nyumbani akiwa na matumaini, na mtoto angezidiwa njiani au usiku. Tulimpa dawa ya nimonia. Nilimwomba mama amlete tena baada ya siku mbili. Alimleta. Mtoto alikuwa ameanza kunyonya na kucheza.

Magonjwa mengine pia huleta homa: surua, ugonjwa wa masikio, kuharisha damu, ugonjwa wa njia ya mkojo, na mengine. Kwa hiyo kipimo kikionyesha hakuna malaria, usilazimishe dawa ya malaria. Uliza swali hili: "Kama si malaria, ni nini?" Na kama homa haikushuka baada ya siku mbili, au mtoto amezidiwa kabla ya hapo, rudi.

TIBA YA MALARIA

Dawa hubadilika kwa sababu vimelea huzoea dawa. Wazee wengi wanaikumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu, na wengine iliwawasha mwili mzima. Klorokwini ilisaidia sana kwa miaka mingi. Lakini vimelea viliizoea, na mwaka 2001 Tanzania iliiacha. Ikafuata SP. Nayo vimelea vikaanza kuizoea. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 tunatumia dawa ya mseto. Inaitwa mseto kwa sababu ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Vimelea vikiikwepa moja, vinakutana na nyingine.

Dawa moja kati ya hizo mbili ina asili ya majani. Wachina walikuwa wakitumia mmea fulani kutibu homa tangu kale. Mwaka 1972 mtaalamu wa Kichina, mama Tu Youyou, na wenzake, waliweza kutoa dawa safi ndani ya mmea huo na kuipima. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Nasema haya kwa sababu watu huniuliza juu ya mwarobaini. Hatudharau miti yetu. Lakini chai ya mwarobaini haijulikani ina nguvu kiasi gani katika kila kikombe. Mtoto mwenye malaria asicheleweshwe kwa chai hiyo.

Mseto humezwa mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Jumla ni dozi sita. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni. Idadi ya vidonge hutegemea uzito wa mgonjwa, kwa hiyo mtoto lazima apimwe kwenye mzani. Dawa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au uji wa karanga. Mtoto mchanga anyonye. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, mpe tena dozi hiyo, kisha nenda zahanati uongezewe ili zitimie sita.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mtoto akimeza siku moja, homa hushuka. Siku ya pili anacheza. Mama anasema, "Amepona. Vidonge hivi nitamwekea mdogo wake." Vimelea vilivyobaki vinaanza kuzaana upya. Na yule mdogo wake akiugua, anapewa dawa nusu, isiyolingana na uzito wake, bila kupimwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa yule mtoto wa kwanza. Dawa nusu iliwapotezea wazazi wake siku nzima.

DEGEDEGE

Ndugu wasomaji, hapa nitasema kwa heshima, maana jambo hili ni la wazee wetu.

Tangu zamani watu wengi wa pwani na bara wamesema kwamba degedege huletwa na ndege au pepo anayepita juu ya mtoto. Mtoto hufukizwa, huogeshwa dawa, na wengine humkojolea. Husemwa pia kwamba mtoto wa degedege hachomwi sindano.

Wazee hawakuwa wajinga. Waliona jambo la kweli. Waliona mtoto akipelekwa hospitali, akachomwa sindano, akafa. Lakini tujiulize: alipelekwa lini? Mara nyingi alipelekwa siku ya nne au ya tano, baada ya kila kitu kushindikana. Mtoto huyo hakuuawa na sindano. Aliuawa na kuchelewa.

Wapo pia waliofukizwa wakapona. Nalo lina sababu. Degedege nyingine huletwa na homa kupanda ghafla, nayo hukoma yenyewe baada ya dakika chache. Lakini kwa macho huwezi kujua kama ni hiyo, au ni malaria iliyopanda kichwani, au ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Kwa hiyo kila degedege ipelekwe zahanati upesi.

Mtoto akipatwa na degedege, fanya hivi:

Mlaze kwa ubavu, ili mate na matapishi yatoke nje.

Mlegeze nguo. Ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza.

Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimpe maji wala dawa ya kumeza.

Usimfungie ndani ya moshi. Mtoto anahitaji hewa.

Mbebe, muende zahanati mara moja, hata kama ni usiku, hata kama degedege imekoma.

Zipo dalili nyingine za malaria kali: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au haamki, anapumua kwa shida, viganja ni vyeupe, mkojo ni mweusi kama kahawa, au macho ni ya manjano. Dalili moja tu kati ya hizi inatosha. Usingoje ya pili.

Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesuneti. Zahanati humpa mtoto dozi ya kwanza, kisha humpa rufaa ya kwenda hospitali. Mtoto mdogo asiyeweza kuchomwa sindano hapo hapo anaweza kuwekewa dawa hiyo kwenye njia ya haja kubwa. Lakini dawa hii ya kwanza ni ya kumvusha njiani tu. Mama asiseme, "Amefumbua macho, turudi nyumbani." Lazima afike hospitali.

Yule mtoto wa kwanza tulimchoma sindano mbele ya baba yake. Baba alisimama kimya, akimwangalia. Kisha akakodi pikipiki, wakaenda hospitali. Mtoto alilala siku mbili bila kujitambua. Siku ya tatu alimwita mama yake. Alirudi kijijini akiwa hai. Lakini ilichukua wiki nyingi kabla hajatembea vizuri tena. Malaria ikishafika kwenye ubongo, inaweza kuacha kovu ambalo halionekani.

Bibi yake alikuja zahanati baadaye. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mimi nilisema nililofundishwa." Nilimjibu, "Bibi, sasa nawe utawafundisha wengine." Siku hizi mama akimfuata bibi huyo na mtoto wa degedege, yeye mwenyewe humshika mkono na kumleta.

TUJIKINGEJE?

Mwaka 1973, nchi yetu ilikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Kisha walitoka wakafanya kazi. Walichimba vyoo, walifukia madimbwi, walifyeka majani. Sasa tuna silaha zaidi ya walizokuwa nazo wenzetu wa wakati ule.

Silaha ya kwanza ni chandarua chenye dawa. Watu wa bonde letu waliona faida yake mapema. Mwaka 1997 mpango wa vyandarua ulianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Chandarua chake kiliitwa Zuia Mbu. Wataalamu waliwafuatilia watoto wadogo. Waliona kwamba vifo vya watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo vilikuwa pungufu kwa karibu robo.

Chandarua kipya kitundike kivulini siku moja kabla ya kukitumia. Usiku kichomeke chini ya godoro au mkeka pande zote. Kikichanika, shona. Kikichafuka, fua taratibu kwa sabuni ya mche, kisha kianike kivulini, maana jua kali huua dawa. Chandarua si cha kuvulia samaki wala kuzungushia bustani ya mchicha. Kiliwekwa dawa ili kikulinde wewe.

Na mkienda shambani, nendeni na chandarua. Hili nalisisitiza. Watu wengi huacha chandarua kijijini kikining'inia juu ya kitanda kitupu, na wao wanalala kibandani kwenye mbu wengi. Mama hubeba sufuria, jembe, na kuku. Abebe na chandarua.

Silaha ya pili ni nyumba. Ziba kwa udongo nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Mbu wa malaria hupenda kuingilia hapo. Mwenye uwezo aweke wavu madirishani.

Silaha ya tatu ni kufukia madimbwi yanayofukika. Yai la mbu huwa kiluwiluwi, na kiluwiluwi huwa mbu kamili kwa wiki moja au mbili. Majaruba ya mpunga hatuwezi kuyafukia, maana ndiyo chakula chetu. Lakini mashimo ya tofali na madimbwi ya kisimani tunaweza. Kufyeka majani ni usafi mzuri, lakini peke yake hakuzuii malaria.

Mama mjamzito aanze kliniki mapema. Malaria humpunguzia damu, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo. Tangu mwezi wa nne wa mimba, hupewa vidonge vya SP kila mwezi, navyo humezwa mbele ya mhudumu. SP haitumiki tena kutibu malaria, bali kumkinga mjamzito. Mama anayetumia dawa nyingine yoyote amwambie mhudumu kwanza. Na chandarua apewacho kliniki akitumie yeye, si mgeni.

Iko pia habari ya chanjo. Shirika la Afya Duniani lilikubali chanjo ya kwanza ya malaria mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Hiyo ya pili ilijaribiwa pia Bagamoyo. Chanjo hupunguza malaria, lakini haiimalizi. Mtoto aliyechanjwa bado anahitaji chandarua, na akipata homa bado anahitaji kupimwa.

MANENO YA MWISHO

Akina baba, nina neno na ninyi. Mara nyingi mama huona homa mapema, lakini hungoja ruhusa ya safari au nauli. Semeni leo, kabla hakuna mgonjwa: "Mtoto akipata homa, usiningoje. Nenda." Wekeni akiba kidogo ya nauli. Mnapohamia shambani, kubalianeni ni jirani gani mwenye baiskeli au pikipiki atakayewasaidia usiku.

Wale watoto wawili wote wako hai. Naona wanapita mbele ya zahanati. Mmoja alichelewa siku tatu, na alilipa kwa wiki nyingi za mateso. Mwingine aliletwa siku ile ile, akapimwa, na ugonjwa wake halisi ukajulikana. Hakuna aliyeweza kujua ukweli kwa kugusa shingo tu.

Homa ya mtoto ipimwe leo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu anaweza kuumwa na mbu shambani na kuugua akiwa nyumbani?

2. Kipimo kimeonyesha mstari mmoja mbele ya C. Maana yake nini? Mama afanye nini?

3. Mtoto wa jirani yako amepatwa na degedege usiku. Taja mambo matatu ya kufanya na mambo mawili ya kutofanya.

4. Ni nyumba ngapi katika kijiji chenu zinazobeba vyandarua kwenda shambani? Mtafanya nini ili nyumba zote zibebe?

5. Kutoka shambani kwenu mpaka zahanati ni mwendo wa saa ngapi? Mmepangaje safari ya mgonjwa wa usiku?

MANENO MAPYA

Vimelea: vijidudu vinavyoishi ndani ya mwili wa mtu au mnyama na kumdhuru.

Hadubini: chombo cha kutazamia vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho.

Kiluwiluwi: mtoto wa mbu aishiye majini.

Nimonia: ugonjwa wa mapafu unaoleta homa, kikohozi na kupumua haraka.

Rufaa: kumpeleka mgonjwa kutoka zahanati kwenda hospitali kubwa zaidi.